Mkunga wa Kisima cha Makanisani

Siku niliyokabidhi funguo za stoo, kijana aliyezipokea aliniuliza ni samaki gani aliyenipa taabu kuliko wote kumpanga katika ukoo wake. Nilimjibu kwamba kumpanga ni kazi ya dakika tano, ukiwa na kitabu na mwanga wa kutosha. Taabu ni jina. Akacheka akidhani natania. Basi namwandikia yeye na wenzake, ili wakikuta kwenye rejista ya zamani jina la mtu mahali panapotakiwa jina la samaki, wasilifute wakidhani ni kosa la karani.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, kisiwani, ambako mtoto hujua kumparua samaki kabla ya kujua kuandika jina lake mwenyewe. Barua ya kunipangia kazi ya uvuvi Dodoma ilipofika, baba aliisoma mara mbili, kisha akauliza kama mpiga chapa alikuwa mgonjwa. Nilishuka kwenye treni wakati wa kiangazi. Mto wa kwanza nilioonyeshwa ulikuwa mchanga mtupu, na wanawake walikuwa wakiuchimba kwa vibuyu kutafuta maji. Ilikuwa enzi ya ruksa. Maduka yalikuwa yameanza kujaa, mitumba imefika mpaka vijijini, na neno mwekezaji lilikuwa likitamkwa ofisini kwa sauti ya chini, kama watu wanavyotaja jina la mkwe.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja na stoo. Katika stoo kulikuwa na chupa za samaki waliohifadhiwa kwenye fomalini, macho meupe, wote wakitazama mlangoni. Katika chumba kulikuwa na Mzee Ndahani, Mgogo mrefu mwenye koti la kaki, ambaye kwa karatasi alikuwa msaidizi wangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye bosi wangu mpya?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi kaa hapo, mwanangu, nikufundishe kazi."

Alinifundisha kweli. Alinionyesha mizani ya kuning'iniza ambayo kila asubuhi lazima uijaribu kwa kilo ya sukari, kwa sababu ilikuwa ikidanganya siku za baridi. Alinifundisha kuhesabu miiba ya pezi la mgongo kwa ukucha, siyo kwa macho. Zaidi ya yote alinipa daftari lake gumu, lenye mistari aliyoichora mwenyewe kwa rula. Safu ya kwanza ilikuwa namba, ya pili ukoo, ya tatu majina: Kiswahili cha pwani, Kiswahili cha ziwani, Kigogo, Kirangi, chochote alichokisikia.

"Ukoo unaandikwa kwa Kilatini," aliniambia, "kwa sababu hakuna Mlatini aliye hai wa kuja kubisha. Jina ni mambo mengine. Jina la samaki usiliulize kwa anayemuuza. Muulize anayemparua."

Nimelifuata agizo hilo miaka yangu yote. Muuzaji atakuambia kila samaki ni sato kama mteja anataka sato.

Nilipolipitia daftari siku ile ya kwanza niliona kwamba mstari wa kumi na tisa haukukamilika. Katika safu ya ukoo alikuwa ameandika Anguillidae, kwa mwandiko safi. Safu ya majina ilikuwa tupu, hata Kiswahili hakuna.

"Huyu si mkunga?" nilimuuliza. Kwetu ziwani mkunga hayupo, lakini nilikuwa nimemsoma chuoni: samaki mrefu kama nyoka, anayezaliwa baharini, akapanda mito akiwa mwembamba kama njiti ya kiberiti, akaishi maji baridi miaka na miaka, na mwishoni akarudi baharini kuzaa na kufa. Kiswahili kimempa jina moja na mwanamke anayezalisha wenzake. Sijui aliyeanza alikuwa amemwona yupi kwanza.

Mzee Ndahani alilifunga daftari. "Ndiye," alisema. "Lakini wa kwetu sijapewa jina lake."

Mwaka wa pili wa kazi yangu mkuu wetu alituita akiwa amevaa tai. Kulikuwa na mwekezaji, alisema, aliyetaka kujenga kambi ya wageni kando ya bwawa la Makanisani, mbele ya Mlali. Wageni wangekuja kuvua kwa ndoano kwa ajili ya burudani. Ilitakiwa orodha ya samaki wa mchezo, yaani wale wenye nguvu ya kupigana na mvuvi: majina yao ya kienyeji, koo zao, na mahali wanapopatikana.

"Wakishamvua wanamfanya nini?" aliuliza Mzee Ndahani.

"Wanapiga naye picha, wanamrudisha majini."

"Na wanalipa?"

"Kwa dola."

Mzee Ndahani alifikiri. "Mheshimiwa, hilo la kumrudisha tusiliseme kijijini. Watatuona wote wagonjwa."

Makanisani lilikuwa jina la kijiji kabla ya kuwa jina la bwawa. Kijiji kilikuwa bondeni, na lilipojengwa tuta la kuuzuia mto, watu walihamishiwa mlimani, maji yakafunika nyumba, kanisa na makaburi. Mto ule mvua zikijaa humwaga maji yake Wami, na Wami humwaga baharini, ndiyo maana mkunga aliweza kufika mpaka huku juu, katikati ya nchi. Tulipofika tulikuta maji ya kijivu yaliyotulia, na migunga iliyokufa imesimama ndani yake, myeupe, bila gome, kila mti na kivuli chake chini. Hapakuwa na ndege hata mmoja juu ya ile miti. Nilidhani ni kwa sababu ya jua la mchana. Nilikaa pale wiki mbili, na hata asubuhi sikumwona ndege aliyetua.

Kambi ya wavuvi ilikuwa upande wa pili, yenye watu kutoka kila pembe ya nchi, kwa sababu habari za bwawa lenye samaki husafiri kama habari za dhahabu. Kazi ya majina ilikuwa kelele tupu. Samaki yuleyule aliyekuwa perege kwa mtu wa Rufiji alikuwa sato kwa Mjita na chambo kwa Mnyasa. Kambale alikuwa mumi, alikuwa mlamba, na wanaume watatu walikaribia kushikana mashati juu ya kambale mmoja ambaye wakati huo alikuwa bado anatembea kwa kifua kuelekea majini. Mimi niliandika Cichlidae, nikaandika Clariidae, nikawaacha wabishane. Kuyu na ningu niliwaweka ukoo mmoja, Cyprinidae, na waliowaleta wote wawili wakanuna.

Magesa, Mjita wa umri wangu, alinichukua kama dada kwa sababu tulitoka ziwa moja. Yeye ndiye aliyenionyesha ghuba ambayo hakuna aliyevua, upande wa kijiji cha zamani.

"Huko kuna nini?"

"Dada, mimi si mtu wa imani hizo," alisema. "Lakini tazama." Alinitolea wavu. Kamba ya juu, inayounganisha vipande viwili, ilikuwa imeachana. Nilitafuta nyuzi zilizokatika, sikuziona. "Wavu nimeutega jioni na mafundo matatu," alisema Magesa. "Kwingine nyavu zinachanika. Kule hazichaniki, zinafunguliwa."

Nilikumbuka agizo la Mzee Ndahani, nikaenda kwa anayeparua. Alikuwa Mama Damari, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenyeji pekee aliyekubali kufanya kazi kando ya maji yale. Alikuwa na vichanja vinne vya kukaushia samaki. Alinijibu yote: huyu anaitwaje, mwiba wa huyu unatibiwa kwa nini. Nilipomuuliza kuhusu samaki mkubwa wa kule ghubani, aliweka kisu chini.

"Huyo haparuliwi."

"Kwa sababu hana magamba?"

"Kwa sababu ana jina," alisema. Kisha akamtazama Mzee Ndahani, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akamtazama kwa muda mrefu. Mzee aligeuka akaenda zake kuosha mikono, ingawa ilikuwa misafi.

Siku tatu baadaye alifika Bwana Gervas, wakala wa mwekezaji, na fimbo ya kuvulia yenye gurudumu la shaba. Alikuwa mtu mchangamfu, hana baya. Alitaka kujaribu ghuba ileile, na hakuna mvuvi aliyekubali kumpeleka, kwa hiyo tulimpeleka sisi, mimi nikipiga kasia mbele na Mzee Ndahani nyuma. Ilikuwa saa sita mchana. Upepo hakuna. Tulipita kati ya ile miti myeupe, na mtumbwi ulipogusa mmoja, ulitoa sauti kama ya mlango.

Bwana Gervas alitupa ndoano yenye kipande cha perege. Haikupita nusu saa, mshipi ukakaza.

Nimeona samaki wengi wakishika ndoano. Kambale hujivingirisha, kuyu hukimbia. Huyu hakukimbia. Mshipi ulikaza ukasimama wima chini ya mtumbwi, haupandi, hauendi kushoto wala kulia, kama vile chini kuna mtu aliyeushika na anasubiri kuambiwa tunataka nini.

"Amejifunga kwenye kitu," alisema Bwana Gervas akihema. "Nini kiko chini hapa?"

"Kanisa," alisema Mzee Ndahani.

Alijongea, akaweka vidole viwili juu ya mshipi, kama daktari anavyoshika mshipa wa mkono wa mgonjwa. Nilimwona akikunja uso. Ndipo na mimi nikauona mshipi ukitetemeka: mara tatu, ukatulia. Mara tatu, ukatulia. Mzee alitoa kisu chake kidogo akaukata.

Bwana Gervas alipiga kelele mpaka tukafika ufukweni. Mzee Ndahani alisema tu kwamba palikuwa na kisiki. Jioni nilimkuta ameketi kwenye bodi ya Land Rover, hajala.

"Mzee, kile hakikuwa kisiki."

"Hakikuwa."

"Basi ni nini?"

"Kengele yao ilikuwa kipande cha reli," alisema. "Ilikuwa ikipigwa mara tatu, inatulia. Mara tatu, inatulia. Alikuwa akiwaita watoto darasani." Nilimuuliza nani aliyekuwa akiipiga. Aliinuka akaenda kulala, na mimi nilikuwa nimelelewa kutomuuliza mtu mzima jambo mara mbili. Niliandika kwenye taarifa: *mkunga mmoja, mkubwa, hakupatikana*. Mkunga akinaswa huvuta kwa vipindi. Hilo limo vitabuni, na usiku ule nilijisomea ukurasa huo zaidi ya mara moja.

Mwaka uliofuata mvua haikunyesha, na ule wa pili ikanyesha kidogo tu zaidi ya kutonyesha. Taa zilikuwa zikikatika mjini, na ofisini watu walikuwa wakipunguzwa kazi, wanaitwa mmoja mmoja. Mwishoni mwa kiangazi Magesa alituma ujumbe kwa dereva wa lori la mkaa: bwawa limekwisha, ghuba ni tope kavu, na samaki yule mkubwa yumo kwenye kisima cha kijiji cha zamani.

Mkuu alifurahi. Mwekezaji alikuwa bado hajakata tamaa, na alikuwa ameomba, maji yakirudi, samaki mmoja mkubwa wa kuwekwa kwenye ukumbi wa kambi, ndani ya kioo, wageni wamwone wanapoingia. "Chukueni pipa na fomalini," alisema. "Mumlete mzima." Aliposema mzima alimaanisha asikatwe.

Tulipita Mlali asubuhi, pipa tupu likigonga nyuma. Mzee Ndahani alikaa kando yangu, daftari mapajani. Tulipofika juu ya bonde nililizima gari, nikashuka, na sikutaka kuendelea.

Kijiji kilikuwa kimerudi. Tope lilikuwa limekauka na kupasuka, na juu yake palionekana misingi ya nyumba, mawe ya jikoni matatu matatu, misalaba ya saruji, na njia iliyopangwa mawe meupe pande zote mbili, imenyooka, safi, kama iliyofagiliwa kwa ajili ya mgeni. Maji yaliyobaki ya bwawa yalikuwa mstari tu wa kung'aa, mbali. Kutoka kwenye mstari ule mtu mmoja alikuwa akija taratibu kwenye ile njia, na ndoo kichwani.

Alikuwa Mama Damari. Tulimfuata mpaka kwenye kisima, nyuma ya msingi wa kanisa. Kilikuwa kisima kipana, kimejengwa kwa mawe. Aliishusha ndoo akamimina maji polepole, akiyapitisha ukutani ili yasipige kelele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakututazama. "Kila siku yanapungua mkono mmoja. Naleta ndoo ishirini, yanapungua vilevile. Leo siku ya nane."

Niliinama nikatazama. Maji yalikuwa meusi na nikajiona mwenyewe, kisha chini ya uso wangu nikaona kichwa kingine, kipana, cha rangi ya tope, na macho madogo yaliyokuwa karibu zaidi kuliko nilivyotarajia. Kinywa kilikuwa kikifunguka na kufunga. Mwili ulizunguka kisima chote, ukajirudia, mnene kama paja langu. Nilirudi nyuma nikakanyaga mguu wa Mzee Ndahani. Yeye hakuusogeza.

"Ni nani huyu, mama?" niliuliza. Nilisikia swali langu likitoka vibaya, nani badala ya nini, na sikulirekebisha.

"Baba yangu," alisema Mama Damari. "Yohana. Mwulize huyo mzee wako, anamjua."

Mzee Ndahani alivua kofia. Alizungumza kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu, au labda kwa sababu kwa Kigogo asingeweza.

"Nilikuwa kibarua wa kupima kina," alisema. "Bwawa lilipokaribia kufungwa walituambia tusaidie malori. Mwalimu Yohana alikataa kuhama. Nilitoa kitanda chake nje, akakirudisha ndani. Nilikitoa mara ya pili, akakirudisha. Akaniambia, nimezika mke hapa na watoto watatu, nani atawaambia nimehamia wapi? Na wewe, dada, ulikuwa juu ya lori la mwisho na mtoto mgongoni, ukasema huondoki bila baba yako. Watu wote wakagoma kwa sababu yako. Ndipo nikakuambia..."

"Sema."

"Nikakuambia kuna lori jingine nyuma yetu, baba yako yumo ndani yake. Hapakuwa na lori. Nilidhani kesho yake tutamrudia. Mvua ikanyesha huko juu usiku, na asubuhi palikuwa maji mpaka kwenye madirisha. Tulimtafuta kwa mtumbwi siku nne. Hatukumwona. Sikupata nguvu ya kukuambia. Imekuwa miaka kumi na sita."

Mama Damari aliigeuza ndoo akaikalia. Alikuwa amechoka sana.

"Nilijua," alisema. "Lori lilipopanda kilima niligeuka nikatazama nyuma. Njia nzima ilikuwa inaonekana mpaka hapa. Hapakuwa na kitu. Nilijua, na sikuruka. Nilikuwa na mtoto, nikajiambia huyu mtu hawezi kusema uongo. Basi tumeubeba sote wawili. Wewe umekuja leo kumchukua wa nini?"

Swali lilikuwa kwa mzee lakini aliyepaswa kujibu ni mimi, afisa. Pipa lilikuwa kwenye gari, na chupa za fomalini chini ya kiti changu. Ninyi mlio kazini mnajua ilivyo. Kuna agizo, kuna sahihi, na kuna mzee mwenye miaka miwili kabla ya kustaafu ambaye jina lake linaweza kusomwa kesho kwenye orodha ya wanaopunguzwa. Nilimtazama Mzee Ndahani. Akatikisa kichwa, mara moja, na nikaelewa kwamba ya kwake nisiyahesabu.

"Samaki wa ukoo huu," nilimwambia Mama Damari, "wakizeeka hutaka kurudi baharini. Tuta limemzuia. Chini ya tuta kuna dimbwi lisilokauka, maji huvuja pale mwaka mzima. Tukimfikisha hapo, mvua ya kwanza itamchukua mpaka Wami."

"Na Wami?"

"Inaingia baharini."

"Hajawahi kuiona bahari," alisema.

Tulijaza pipa maji ya kisima. Tatizo lilikuwa kumtoa. Magesa na wenzake wawili walikuja na wavu, lakini kila walipoushusha, alizama na kujibana mawe ya chini, na mara ya tatu wavu ulipanda kamba yake ikiwa imeachana. Magesa aliutazama, akauweka chini, akarudi nyuma hatua tano. Mtu wa Ukerewe na Musoma haogopi samaki. Siku ile sote wawili tuliogopa.

Mama Damari alilowesha gunia akaliweka juu ya mikono yake. Alipiga magoti ukingoni, akaanza kusema kwa Kigogo, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwamsha mzazi alfajiri. Nilimgeukia Mzee Ndahani.

"Anasema nini?"

Mzee alikuwa akilia, hajifichi. "Anamwambia lori limefika."

Maji yalisogea. Kichwa kilipanda kwanza, kikapita juu ya ukingo wa mawe, kikalala kwenye gunia, na mwili ukafuata taratibu, kipande kwa kipande, bila kupigapiga, mpaka akawa mikononi mwake, mkia ukiburuzika chini. Alitoa sauti, pumzi ndefu ya kunyonya. Mkunga hutoa sauti hiyo akiwa nje ya maji, hilo pia limo vitabuni. Kwa mazoea ya kazi nilikuwa nimeshatoa utepe wangu wa kupimia na kuunyoosha.

"Unampimia sanda?" aliuliza Mama Damari.

Niliukunja utepe. Ndiyo maana kwenye rejista urefu haupo. Watafiti waliokuja baadaye wamenilaumu, na wana haki.

Mama Damari alimwingiza kwenye pipa, akapanda nalo nyuma, mkono wake mmoja ndani ya maji, na Mzee Ndahani akakaa mbele yake akilishikilia lisiyumbe. Niliendesha polepole kwenye ile njia ya mawe meupe, kisha juu ya kilima. Kwenye kioo niliwaona wote wawili wamegeuka wanatazama nyuma, kijijini. Chini ya tuta tulilibeba pipa watatu. Alipoingia dimbwini alikaa kidogo kwenye maji ya vifundoni, kichwa kikiwa kimemwelekea Mama Damari, kisha akaenda. Juu ya maji ulibaki mstari, na mstari nao ukaenda.

Jioni ile, kwa taa ya gari, Mzee Ndahani alifungua daftari, akaandika mwenyewe kwenye mstari wa kumi na tisa: *mkunga*, na chini yake, *Yohana*. Mimi nilinakili vilevile kwenye rejista ya serikali. Mkuu nilimwambia ukweli, kwamba samaki nilimwachilia. Kuhusu vyeo vya mwaka ule sitaandika, kwa kuwa hakuna cha kuandika. Mzee Ndahani walimwacha amalize miaka yake. Mwekezaji alipata ziwa jingine.

Wiki iliyofuata wanaume wa kijiji kipya walishuka kukikausha kisima. Maji yalikuwa yamezama yenyewe. Mama Damari alitaka wachimbe tope lote, kwa kuwa kama mwili wa baba yake ulikuwa popote, ulikuwa pale: pamoja na ualimu alikuwa mlinzi wa kisima kile, na wa mwisho kumwona walimwona ameketi ukingoni pake. Walichimba siku mbili, wakichuja tope kwa nyungo. Walipata kikombe cha bati na kipande cha reli chenye tundu la kamba. Walifika kwenye mwamba. Hapakuwa na mfupa, hapakuwa na hata jino.

Nilikuwapo. Nilidhani angelia. Alilitazama tope lililochujwa, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Basi ndiye," alisema.

Niliitafuta hoja ya kitaalamu ya kumpinga. Ninayo hata leo: mafuriko hubeba, mamba hula, mifupa huoza. Sikuisema wakati ule, na sijaisema tangu wakati ule.

Mvua zilianza mapema mwaka huo. Dimbwi chini ya tuta lilifurika siku ya tatu, na mto ukashuka mwekundu kuelekea Wami. Baada ya maji kupita Mama Damari aliweka matanga ya baba yake. Alinitumia mtu Dodoma kuniita. Niliwakuta watu wengi wameketi, mchungaji akiwapo, na Mzee Ndahani katika mstari wa wafiwa wanaume, mahali pa mtoto wa kiume, hapana aliyemwondoa. Walisomwa ndugu, ikasomwa habari ya maisha yake, shule aliyofundisha, kisima alichokilinda. Kisha mchungaji akasema kwamba kwa desturi aliyekuwa na marehemu mwisho husimama akawaeleza wafiwa alivyomwacha.

Nilidhani watu wanamsubiri mzee fulani. Mama Damari akanitazama, na watu wote wakageuza nyuso zao yalikogeukia macho yake.

Nilisimama. Mimi ni mtu wa sayansi, Mkatoliki wa Ukerewe, mtumishi wa serikali. Sikuwa nimeandaa lolote.

"Nilimwacha salama," nilisema. "Maji yalikuwa yanatosha."

"Ahsante, mwanangu," alisema Mama Damari, na watu wote wakaitikia amina.